MZIGO UKIANGUKA NI WA NANI?

Somo la kujisomea na kujadiliana katika vikundi



Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake twaijua sote: taabu ya mtu mwingine huonekana nyepesi machoni petu. Katika somo hili nataka tuipeleke methali hiyo barabarani, mahali ambapo mzigo hauko tena kichwani mwa mtu, bali ni tani 20 au 30 za nondo, magogo, saruji au kontena, juu ya tela lisilo na bodi. Hapo kila aliyeushika mzigo huuona kuwa ni wa mwenziwe. Mwenye mali asema, "Nimekwisha mkabidhi mwenye gari." Mwenye gari asema, "Dereva ndiye aliyeondoka nao." Dereva asema, "Nilikuta wamekwisha pakia." Waliopakia wasema, "Sisi twapakia tu. Kufunga ni kazi ya utingo." Naye utingo hana mtu wa kumsukumia.

Tarehe 11 Machi 2015, mahali paitwapo Changarawe karibu na Mafinga, mkoani Iringa, basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam lilikutana na lori lililobeba kontena. Kontena liliangukia basi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Simtaji msiba huo ili tumhukumu mtu ye yote, maana hiyo ni kazi ya mahakama. Nautaja kwa sababu unaonyesha wazi jambo la kutisha juu ya mizigo hii: wanaokufa mara nyingi si wale walioupakia, wala wale watakaoupokea. Ni watu waliolipa nauli zao na kukaa katika viti vyao, wasiojua hata ndani ya kontena mna nini.

Mwisho wa somo hili msomaji aweze kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini mzigo husogea, kutaja ni nani anawajibika kwa lipi, na kujua la kufanya siku atakapokodi lori yeye mwenyewe.

1. MZIGO HAUSIMAMI KWA UZITO WAKE

Kosa la kwanza ni la fikira. Watu husema, "Mzigo huu ni mzito mno, hauwezi kwenda po pote." Neno hili limeua watu wengi, na hatuna budi kulichunguza.

Kitu kilicho katika mwendo hutaka kuendelea na mwendo wake. Lori likipiga breki, ni lori linalosimama. Mzigo wenyewe haujapigwa breki. Waendelea mbele mpaka kitu kiuzuie. Kinachouzuia kwanza ni msuguano kati yake na sakafu ya tela. Ni kweli kwamba mzigo ukiwa mzito zaidi msuguano nao huongezeka. Lakini nguvu inayousukuma mbele huongezeka vile vile, kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo uzito haukuongezei usalama hata kidogo. Mzigo wa tani 20 huteleza kwa urahisi ule ule kama mzigo wa tani 2 wa aina ile ile. Tofauti ni kwamba ule wa tani 20 ukianza kwenda haurudishiki.

Tufanye hesabu. Kanuni za Marekani na za Australia zataka mzigo ufungwe hivi kwamba hata dereva akipiga breki kwa nguvu, vifungo na vizuizi viweze kustahimili mbele nguvu iliyo sawa na sehemu 8 katika 10 za uzito wa mzigo. Ubavuni na nyuma, sehemu 5 katika 10. Tuchukue nondo tani 20. Mbele yatakiwa nguvu ya tani 16. Tuseme nondo zimelazwa juu ya sakafu ya chuma, na msuguano wao ni sehemu 2 tu katika 10. Basi msuguano watupa tani 4. Zimebaki tani 12. Nani atazishika? Kama hakuna mikanda, wala minyororo, wala ukuta imara wa mbele, zitashikwa na mgongo wa kibanda cha dereva.

Tutazame na kona. Lori likipita kona ambayo nusu kipenyo chake ni meta 150 kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, mzigo husukumwa ubavuni kwa nguvu ya karibu sehemu moja katika tano ya uzito wake. Kona hiyo hiyo kwa kilometa 80 kwa saa, nguvu hufika theluthi moja. Mwendo umeongezeka kwa theluthi, lakini msukumo umekaribia kuwa mara mbili. Aliyewahi kuteremka Kitonga nyuma ya lori la mbao aelewa nasema nini.

2. KUFUNGA, NA KUTAZAMA TENA

Kufunga mzigo ni kazi yenye vipimo; kukisia hakufai. Kanuni za Marekani zinazotumika tangu tarehe 1 Januari 2004 zasema kwamba nguvu ya kazi ya vifungo vyote kwa pamoja isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Nguvu ya kazi si ile inayoukata mkanda; ni kiasi cha chini zaidi kilichoandikwa juu yake, ambacho mkanda waweza kukibeba kila siku bila kuharibika. Kwa nondo zetu za tani 20, basi, jumla ya mikanda au minyororo iwe na uwezo wa tani 10 angalau. Mkanda uliochanika ukingoni, au wenye fundo, usihesabiwe.

Yafaa pia kujua kwamba mkanda uliopitishwa juu ya mzigo hauzai nguvu sawa kila mara. Ukiteremka wima, wakandamiza kwa nguvu yote uliyoikaza. Ukilala kwa nyuzi 30 kutoka sakafuni, kwa sababu mzigo ni mfupi na tela ni pana, wakandamiza kwa nusu tu. Utingo aliyekaza mpaka mikono ikamwuma aweza kuwa amefanya nusu ya kazi, na wala si kosa la mikono yake. Hakufundishwa.

Mizigo ya mviringo yataka uangalifu wa pekee. Magogo na nguzo za umeme, kama zile zitokazo katika misitu ya Sao Hill, huviringika. Kamba peke yake haitoshi. Zatakiwa nguzo imara za ubavuni, na mzigo usipande juu kupita nguzo hizo. Kontena nalo lina matundu katika pembe zake nne za chini, nayo yaliwekwa kusudi lishikwe na kufuli za tela. Kufuli zote nne zifungwe. Kontena la futi 20 lililojaa laweza kufika tani 30. Hata likiwa tupu, bado lina zaidi ya tani 2, na ubavu wake mpana hushika upepo kama tanga. Kontena lililowekwa juu ya sakafu ya lori la kawaida bila kufuli limewekwa tu, halijafungwa.

Halafu kuna kutazama tena. Mzigo hukaa vizuri baada ya kutikisika, na unapokaa, kamba hulegea. Kamba ya katani hubadilika kwa mvua na jua. Ndiyo sababu kanuni hizo za Marekani zamtaka dereva akague mzigo kabla ya kuondoka, tena kabla ya kumaliza kilometa 80 za kwanza, na baadaye kila saa 3 au kila kilometa 240, lo lote litakalotangulia. Ukaguzi huo wa kwanza njiani ndio wenye faida kubwa kuliko yote, nao ndio unaoachwa mara nyingi kuliko yote.

Neno moja zaidi hapa. Mtu asipandishwe juu ya mzigo. Mara nyingi twaona vijana wameketi juu ya magunia au juu ya turubai, wengine wakiambiwa kwamba wanasaidia kulishikilia lisipeperuke. Mtu si jiwe la kugandamizia turubai.

3. PIPA LA UNGA NA CHUPA YA KINYWAJI

Sasa twaja kwenye swali lenyewe: ni nani anawajibika? Sheria ya madai katika nchi zetu ilipokea mengi kutoka Uingereza. Kwa Kenya tarehe ya mapokezi hayo ni 12 Agosti 1897, na kwa Tanganyika ni 22 Julai 1920. Kwa hiyo kesi mbili za zamani za Uingereza zatufaa kuzijua.

Ya kwanza ni ya mwaka 1863. Bwana mmoja aitwaye Byrne alikuwa akipita katika barabara ya mji wa Liverpool. Pipa la unga likaanguka kutoka juu, kwenye duka la mfanya biashara aitwaye Boadle, likamwumiza. Byrne hakuweza kusema ni nani alilegeza kamba, wala lilianguka kwa namna gani. Angewezaje, naye alikuwa akipita tu? Mahakama ilisema kwamba mapipa hayaanguki yenyewe kutoka katika maghala pasipo uzembe wa mtu. Anayelitunza pipa ndiye wa kueleza. Aliyeangukiwa hadaiwi maelezo. Tangu hapo wanasheria husema kwamba katika ajali za namna hii jambo lenyewe lajisemea.

Waona jinsi kesi hiyo inavyofanana na barabara zetu. Abiria aliyeangukiwa na gogo hawezi kujua ni nani alifunga mnyororo kule msituni. Hapaswi kujua. Gogo barabarani limekwisha sema.

Ya pili ni ya mwaka 1932. Mwanamke mmoja kule Paisley, Uskochi, alikunywa kinywaji mwaka 1928 akakuta mabaki ya konokono ndani ya chupa. Hakukinunua yeye, alinunuliwa na rafiki. Basi hakuwa na mapatano yo yote na mwenye kiwanda. Je, aweza kumdai? Mahakama kuu ya Uingereza ilikubali kwamba aweza. Jaji mmoja, Lord Atkin, aliyajenga maelezo yake juu ya lile swali la mwana-sheria katika mfano wa Msamaria Mwema: jirani yangu ni nani? Akajibu kwa lugha ya sheria kwamba jirani ni mtu ye yote ambaye ningepaswa kumfikiria, kwa kuwa tendo langu au uzembe wangu waweza kumgusa moja kwa moja.

Kwa mpakiaji wa mzigo, basi, jirani ni dereva atakayeuchukua. Ni pia mwendesha baiskeli wa kijiji asichokijua, na abiria wa basi ambalo bado halijaondoka stendi. Hawajapatana naye neno lo lote, lakini awajibika kwao.

4. KINACHOONEKANA NA KILICHOFICHIKA

Tumeona kwamba wajibu upo. Je, waliopakia na wanaosafirisha wakiwa watu mbalimbali, wagawane vipi?

Jibu lililo wazi kuliko mengi lilitolewa Marekani mwaka 1953. Watumishi wa serikali walikuwa wamepakia injini za ndege juu ya lori la kampuni ya uchukuzi iitwayo Savage Truck Line. Injini zikaanguka barabarani, na ajali ikatokea. Serikali na kampuni zikashitakiana. Mahakama ya rufani iliweka kanuni ambayo mahakama nyingi za nchi hiyo zimeifuata tangu wakati ule. Yasema hivi kwa ufupi: wajibu wa kwanza wa kuhakikisha kuwa mzigo umepakiwa salama ni wa msafirishaji. Mwenye mzigo akijitwalia kazi ya kupakia, huwajibika kwa kasoro zilizofichika, zisizoweza kuonekana kwa macho ya kawaida. Lakini kasoro ikiwa ya kuonekana, msafirishaji huwajibika ingawa si yeye aliyepakia.

Kanuni hii nataka tuitafakari, maana ina busara nyingi. Yamwambia dereva: "Huwezi kusema ulikuta wamekwisha pakia, ikiwa macho yako yaliona mnyororo umening'inia." Yamwambia mwenye mzigo: "Huwezi kumlaumu dereva kwa kile ulichokifungia ndani, ukatia lakiri, asikione."

Kontena ndilo mfano mzuri. Dereva hukabidhiwa likiwa limefungwa. Aweza kuona kufuli za pembeni. Hawezi kuona kama mashine iliyo ndani imewekewa magogo ya kuizuia, au kama uzito wote umerundikwa upande mmoja. Mzigo ukihama ndani kwenye kona, gari lote huenda nao. Kwa sababu hiyo mwaka 2014 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, yanayoshughulikia usafiri wa baharini, kazi, na uchumi wa Ulaya, yalitoa mwongozo wa pamoja juu ya kupakia makontena, ukieleza wajibu wa kila mmoja katika safari. Tena tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena lililojazwa haliruhusiwi kupakiwa melini mpaka mpeleka mzigo atoe uzito wake uliothibitishwa. Anayejua kilichomo ndiye asemaye kilichomo.

5. MNYORORO WENYE PETE NYINGI

Australia imekwenda mbele zaidi. Tangu tarehe 10 Februari 2014 majimbo yake mengi yafuata sheria moja ya magari mazito, nayo ilikazwa zaidi kuanzia tarehe 1 Oktoba 2018. Wajibu wauita mnyororo. Pete zake ni nyingi: mwajiri wa dereva, mwenye gari, anayepanga ratiba, anayetuma mzigo, anayeupokea, anayeufunga katika vifurushi, anayesimamia upakiaji, anayepakia na anayepakua. Kila mmoja apaswa kuhakikisha usalama kwa kadiri iwezekanavyo katika sehemu anayoitawala. Watu wawili waweza kuwa na wajibu ule ule kwa wakati mmoja, na hakuna awezaye kuuhamisha wa kwake kwa mkataba.

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Tumezoea kudhani kwamba wajibu ni kama mkate: watu wakiwa wengi, kipande cha kila mmoja huwa kidogo. Sivyo. Kila mkono ulioshika mzigo una wajibu kamili kwa lile ambalo mkono huo ungeweza kuliona na kulizuia. Kuwapo kwa wengine hakumpunguzii mtu kitu.

Tuangalie pia anayepanga ratiba. Yeye hakushika kamba. Hajafika hata uwanja wa kupakilia. Lakini akimwambia dereva, "Asubuhi uwe Tunduma," hali ajua kwamba safari hiyo haiwezekani bila kukimbiza gari na kuacha ukaguzi, ameshiriki kuilegeza kamba kutoka ofisini kwake.

6. LAWAMA HUTEREMKA KAMA MAJI

Lakini katika maisha yetu ya kila siku mambo huwaje? Ajali ikitokea, swali la kwanza ni "Dereva yuko wapi?" na la pili ni "Utingo yuko wapi?" Lawama huteremka mpaka imfikie mtu wa chini kabisa, hapo husimama. Kijana anayelipwa kidogo kuliko wote, aliyefunga kwa kamba aliyopewa, kwa maarifa ambayo hakuna aliyempa, ndiye anayeonekana kuwa chanzo.

Sisemi kwamba utingo hana wajibu. Anao. Akiacha kufuli moja wazi kwa uvivu, amekosa. Lakini tuulize na maswali mengine. Ni nani aliyenunua mikanda minne mahali pa minane? Ni nani aliyekata kufuli za tela zilipoharibika asiziweke nyingine? Ni nani aliyempa dereva nauli ya safari tatu kwa juma, ilhali mbili tu ndizo ziwezekanazo kwa usalama? Sheria yenyewe yakubali kwamba mwajiri hujibu kwa makosa ya mtumishi wake aliyoyafanya katika kazi aliyomtuma. Si vema moyo wa mtu uwe mgumu kuliko sheria.

Wengine hujifariji kwa mambo mawili. La kwanza ni bima. Ni kweli kwamba bima ya kuwalinda watu wengine barabarani ni ya lazima, nayo husaidia walioumia. Lakini bima hulipa fedha. Haimrudishi mtu, wala haimwondolei mzembe uzembe wake. La pili ni mizani. Dereva husema, "Nimepita mizani, mzigo ni halali." Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 yaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo, na mizani hupima hilo na uzito wa kila ekseli. Ni kazi njema kwa barabara zetu. Lakini mizani haiwezi kujua kama kilichopimwa kimefungwa. Kontena lisilo na kufuli lina uzito sawa na lenye kufuli.

7. KILA MTU NA SEHEMU YAKE

Tufupishe sasa tuliyojifunza.

(a) Mwenye mzigo. Aseme kweli juu ya uzito na aina ya mzigo. Akiujaza mwenyewe ndani ya kontena, ahakikishe hautahama. Asidai saa ya kufika isiyowezekana.

(b) Wapakiaji. Wagawe uzito sawasawa katika tela, vizito chini, vitu vikutane bila nafasi katikati. Penye nafasi paingizwe magogo au mbao za kuzuia. Wakimaliza wamwambie dereva kile asichoweza kukiona.

(c) Mwenye gari. Anunue minyororo na mikanda ya kutosha, na kuitupa iliyochakaa. Amfundishe utingo. Zaidi ya yote, amlinde dereva anayekataa kuondoka. Dereva ajuaye kwamba akikataa atafukuzwa hawezi kuitwa mwenye hiari, na mwenye gari aliyemtisha hawezi kusema hakujua.

(d) Dereva. Auzunguke mzigo kabla ya kuwasha gari, asimame kuukagua mapema njiani, apunguze mwendo kabla ya kona wala si ndani yake. Kasoro aliyoiona na kuondoka nayo imekuwa yake.

(e) Utingo. Akaze, akague, na aseme. Yeye ndiye aliye karibu na kamba kuliko wote. Neno lake lisikilizwe.

(f) Mpokeaji. Huyu husahauliwa. Safari ndefu huuhamisha mzigo, ukaegemea mikanda. Siku hiyo mikanda ndiyo peke yake inayouzuia usianguke. Anayeifungua bila kutazama aweza kuangukiwa papo hapo uwanjani, safari ikiwa imekwisha. Kwanza utazamwe umeegemea wapi, watu wote waondolewe upande huo, ndipo ufunguliwe kwa kutoka upande mwingine.

8. NA SISI JE?

Huenda msomaji amefika hapa akisema, "Mimi si dereva, wala sina lori." Lakini ni wangapi kati yetu tumejenga nyumba? Tulipokodi lori dogo kwenda kuchukua mabati, mbao au nondo, sisi ndio tuliokuwa wenye mzigo. Tuliuliza bei. Tulibishana mpaka ikashuka. Je, tuliuliza kama lori lina minyororo? Tulipoona nondo zimetokeza nyuma meta mbili bila hata kitambaa chekundu, tulisema neno? Tulipomwambia dereva, "Harakisha, mafundi wananingoja," tulikuwa tunapanga ratiba, kama yule wa ofisini.

Gharama ya kuongeza mikanda miwili, au kusubiri nusu saa ili mzigo upangwe upya, ni ndogo. Mara nyingi huonekana kubwa kwa sababu moja tu: sisi ndio tunaoilipa, lakini faida yake itamwendea mtu tusiyemjua, anayekuja kwa upande wa pili wa barabara. Yeye hatatushukuru, maana hatajua. Atapita salama na kwenda nyumbani kwake.

Basi tukirudia ile methali ya wazee, ilikuwa onyo kwetu. Mzigo wa mwenzio waonekana kanda la usufi mpaka siku utakapoangukia watu. Ni heri tuuone uzito wake ungali juu ya gari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini si kweli kwamba mzigo mzito hauhitaji kufungwa? Eleza kwa maneno yako kwa mtu ambaye hakusoma hesabu.

2. Mbao tani 12 zitapakiwa juu ya tela. Kwa kanuni tuliyoisoma, vifungo vyote kwa pamoja viwe na nguvu ya kazi ya tani ngapi angalau? Mkanda mmoja ukiwa na uwezo wa tani 2, itatakiwa mingapi?

3. Dereva amekabidhiwa kontena lenye lakiri. Njiani gari limepinduka kwa sababu mashine iliyokuwa ndani ilihama. Baadaye yaonekana pia kwamba kufuli moja ya kontena haikufungwa. Ni nani anawajibika kwa lipi?

4. Kwa nini lawama huishia kwa utingo? Katika kazi zenu wenyewe, ni nani aliye mahali pa utingo?

5. Dereva amekataa kuondoka na mzigo, na tajiri wake ametishia kumfukuza. Sisi tulio karibu naye twaweza kumsaidia vipi?

6. Kila mmoja akumbuke mara ya mwisho alipokodi gari la mizigo. Aliuliza nini? Safari ijayo ataongeza swali gani?